Wakili Aliyependa Kesi Ziishe Nje ya Mahakama: Maisha ya Tunku Abdul Rahman

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, mawakili mliofika, nanyi wanafunzi wa sheria mlioacha mechi ya jioni hii mkaja kunisikiliza, asanteni.

Mliponiomba nizungumze juu ya mwanasheria aliyegeuka kiongozi wa nchi, nadhani wengi mlitarajia Gandhi au Mandela. Hao mmeshasimuliwa vya kutosha. Nimemchagua mtu ambaye huku kwetu hatajwi sana, ingawa kazi zake zimetugusa zaidi ya mara moja kama mtakavyosikia: Tunku Abdul Rahman Putra, Waziri Mkuu wa kwanza wa Malaya na baadaye wa Malaysia. Niseme mapema kwamba hakuwa wakili hodari. Anayetafuta mfano wa mwanafunzi aliyeongoza darasa, kwa huyu hatampata. Alifeli mitihani ya uwakili, akarudi nyumbani mikono mitupu, na alipokuja kufaulu alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Lakini kuna jambo moja la kazi yetu alilolielewa kuliko wengi waliofaulu mapema: kesi nyingi zinazostahili kumalizwa humalizwa nje ya mahakama, pande mbili zikiwa zimefungiwa chumbani mpaka zielewane. Aliitawala nchi nzima kwa njia hiyo. Ilimpa mengi, na ilimgharimu pia, kwa sababu suluhu ya chumbani ina kasoro yake. Aliyeachwa nje ya chumba haijui, na siku akiijua hujiona hakuitia saini.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1903 mjini Alor Setar, katika usultani wa Kedah, kaskazini mwa rasi ya Malaya. Baba yake ni Sultan Abdul Hamid Halim Shah, na mama yake, Cik Menyelara, alikuwa na asili ya Siam, yaani Thailand ya leo. Kedah wakati huo ilikuwa chini ya kivuli cha Siam. Mwaka 1909 Waingereza na Wasiam wakatia saini mkataba mjini Bangkok, na Kedah ikahamishwa kutoka kwa Siam kwenda kwa Mwingereza. Sultani mwenye nchi hakuulizwa. Mtoto alikuwa na miaka 6. Sidai kwamba alielewa, ila alikulia katika nyumba iliyokumbuka vizuri jinsi mambo yao yalivyoamuliwa na watu wengine kwenye meza ambayo wao hawakuwekewa kiti.

Alisoma Alor Setar, akapelekwa Bangkok, akarudi Penang, kisha akapata ufadhili wa serikali ya Kedah kwenda Uingereza. Alipata shahada yake Cambridge mwaka 1925, katika chuo cha St Catharine's. Baada ya hapo akaingia Inner Temple kusomea uwakili, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Kijana wa kifalme, ana posho, yuko London ya miaka ya ishirini: mbio za farasi, magari yaendayo kasi, dansi. Mwenyewe hakuwahi kuficha. Mwaka 1931 alirejea nyumbani bila uwakili na kuingia utumishi wa serikali ya Kedah.

Akawa ofisa wa wilaya. Wazee wetu wangemwita bwana shauri. Katika wilaya ya Padang Terap alikaa mahali pa mabwawa na mbu, akaomba fedha makao makuu ili mabwawa yakaushwe. Wakakataa. Mke wake wa kwanza, Meriam, akafa kwa malaria. Ombi likapelekwa tena, safari hii likakubaliwa. Ninyi mliowahi kupeleka faili ofisini na kuambiwa njoo wiki ijayo mnaijua hasira ya namna hiyo, lakini yeye aliilipia kwa gharama isiyo na kifani.

Tukio la pili la miaka hiyo ni la Desemba 1941. Wajapani wameshuka, Waingereza wanakimbilia kusini, na wakubwa wa Kedah wanamsafirisha Sultani, mzee na mgonjwa, kwenda Penang. Tunku aliona kwamba mfalme akiondoka, watu watakuwa wametupwa. Akauingilia msafara barabarani, akalichukua gari lililombeba baba yake na kumpeleka Kulim, wilaya aliyokuwa akiisimamia. Kisheria sijui mngelifungulia shtaka gani: kumteka nyara mfalme ambaye ni baba yako, kwa nia ya kumbakiza kwa raia wake. Sultani akabaki Kedah. Mwaka 1943 Wajapani nao wakaigawa Kedah tena, wakairudisha kwa Siam. Kwa mara ya pili katika umri wake, nchi ikabadilisha mikono kama shamba la rehani.

Vita vilipokwisha akarudi London kuumaliza uwakili. Alikuwa amekwisha jaribu kurudi mwaka 1938, vita vikamkatiza. Sasa ameshapita miaka 40, anakaa darasani na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe. Mmoja wao, Abdul Razak Hussein, mdogo kwake kwa karibu miaka 20, akawa katibu wa chama cha Wamalay waliokuwa Uingereza huku Tunku akiwa rais. Kijana alikuwa na akili kali na nidhamu, mzee alikuwa na watu. Urafiki ule ulikuja kuiendesha Malaysia kwa miaka mingi. Mwaka 1949 hatimaye Tunku akafaulu, zaidi ya miaka 20 tangu alipoanza, akarudi kufanya kazi Kuala Lumpur kama naibu mwendesha mashtaka wa serikali. Hakudumu hapo. Sina kesi yake yoyote ya kuwasimulia, na sidhani kama kuna hukumu inayosomwa leo kwa sababu yake.

Agosti 1951 wakamjia kutoka UMNO, chama cha Wamalay kilichoasisiwa mwaka 1946 kupinga mpango wa Waingereza wa kuwapunguzia masultani mamlaka. Mwasisi wake, Dato Onn Jaafar, alikuwa ameondoka kwa hasira. Onn alitaka chama kifunguliwe kwa watu wote, Wamalay, Wachina na Wahindi. Wanachama wakakataa, akaenda kuanzisha chama kingine. Kiti kikawa wazi, chama hakina fedha, na Tunku akakikalia. Aliuza baadhi ya mali zake ili ofisi iendelee kufunguliwa.

Hapa ndipo nawaomba mnifuatilie vizuri. Kimawazo, Onn ndiye aliyekuwa mbele ya wakati wake: chama kimoja, wananchi wote. Tunku alichagua njia ya kizamani zaidi. Kila jamii ibaki na chama chake, viongozi wakutane, wagawane viti, waende kwenye uchaguzi kwa jina moja. Mwaka 1952, katika uchaguzi wa manispaa ya Kuala Lumpur, UMNO na chama cha Wachina, MCA, walishirikiana na kupata viti 9 kati ya 12. Chama cha Wahindi, MIC, kikajiunga baadaye. Uchaguzi wa shirikisho wa Julai 1955, Muungano huo ulichukua viti 51 kati ya 52. Chama cha Onn hakikupata hata kimoja. Wapiga kura walionyesha kwamba walitaka mtu wa kwao akawasemee mezani, hawakutaka kuambiwa kwamba hakuna tena wa kwao na wa wengine. Mimi binafsi naona Onn alikuwa na haki na Tunku alikuwa na kura, na hadi leo Malaysia inaishi na matokeo ya hilo.

Tunku akawa Waziri Kiongozi wa serikali ya ndani, na katika wiki sita tu za mwisho wa 1955 na mwanzo wa 1956 alifanya kazi ambayo kwangu ndiyo kilele chake.

Kwanza, Baling. Tangu 1948 nchi ilikuwa katika hali ya hatari, Waingereza wakipigana na wakomunisti msituni. Tarehe 28 na 29 Desemba 1955, Tunku alikutana na kiongozi wao, Chin Peng, katika jengo la shule kwenye mji mdogo wa Baling, huko huko Kedah. Waingereza walikuwa na hofu kwamba mwana huyu wa mfalme, mcheshi na mpenda watu, atalegezwa. Chin Peng alitaka chama chake kitambuliwe kisheria. Tunku akakataa katakata. Mtu aliyejulikana kwa kupatana na kila mtu, hapa hakupatana. Chin Peng akarudi msituni.

Lakini kabla ya kuondoka, Chin Peng alisema jambo moja: ikiwa serikali iliyochaguliwa na wananchi itapata mamlaka juu ya usalama wa ndani na ulinzi, wao wako tayari kuacha vita. Mwanasheria atasikia nini hapo? Atasikia ushahidi. Tunku aliyachukua maneno ya adui akayapeleka London: nyinyi mnasema hamwezi kutupa uhuru kwa sababu ya vita, na adui mwenyewe anasema vita vinadumu kwa sababu hamjatupa uhuru. Hoja ya Mwingereza ikageuzwa kwa mdomo wa adui yake.

Pili, meli. Ujumbe wa kwenda London ulikuwa wa pande mbili, wajumbe wanne wa masultani na wanne wa Muungano. Masultani walikuwa na wasiwasi kwamba uhuru maana yake ni mwisho wa viti vyao. Si mbali na hapo, India, wafalme wadogo walikuwa wamefutwa kwenye ramani. Wangefika London wamegawanyika, Waingereza wangekaa katikati na kuchekelea. Badala ya kupanda ndege moja kwa moja, walipanda meli Singapore mwanzoni mwa Januari 1956, wakasafiri mpaka Karachi, na kutoka hapo ndipo wakaruka. Siku zote zile baharini hakuna mwandishi wa habari, hakuna mshauri Mwingereza, hakuna mtu wa kutoka nje na kupiga simu. Tunku alikuwa mtoto wa ikulu, lugha ya masultani alizaliwa nayo. Wakati wanafika Karachi, wajumbe wote wanane walikuwa na msimamo mmoja. Mazungumzo na Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, ambaye wakati huo huo alikuwa akiisimamia Kenya katika hali yake ya hatari, yalianza tarehe 18 Januari na kwisha baada ya wiki tatu. Saini ziliwekwa tarehe 8 Februari 1956, siku Tunku alipotimiza miaka 53.

Katiba yenyewe iliandaliwa na tume ya wanasheria kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, ikiongozwa na Lord Reid. Wanafunzi, isomeni mkiwa na kalamu. Masultani 9 wanachaguana kuwa mfalme wa nchi nzima kwa zamu ya miaka 5. Dini ya shirikisho ni Uislamu, na dini nyingine zinafuatwa kwa amani. Katika katiba ile ya 1957, waliozaliwa nchini baada ya uhuru walikuwa raia, jambo lililowahusu sana Wachina na Wahindi, ambao kwa pamoja walikuwa karibu nusu ya watu. Kwa upande wa pili, Wamalay wanapewa nafasi maalumu: ajira serikalini, ufadhili wa masomo, leseni. Tume ilipendekeza nafasi hiyo ipitiwe upya baada ya miaka 15. Vyama vilipokaa wenyewe, kikomo hicho kikaondolewa, na katiba ikatoka bila tarehe. Huo ndio mfano wa suluhu ya chumbani. Kila upande ulitoka na kitu, na swali gumu kuliko yote likaachiwa watu wa baadaye. Tarehe 31 Agosti 1957, katika uwanja mpya wa Merdeka, Tunku akapaza sauti mara saba, Merdeka, yaani uhuru, na umati ukaitikia.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1960 Kongo ilipoungua, Malaya, nchi yenye miaka mitatu tu ya uhuru, ilituma wanajeshi wake chini ya Umoja wa Mataifa, wakakaa huko hadi 1963. Mwaka huo huo wa 1960, tarehe 21 Machi, polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 Sharpeville. Mei ikaja, mawaziri wakuu wa Jumuiya ya Madola wakakutana London. Desturi ya vikao vile ilikuwa kutogusa mambo ya ndani ya mwanachama, na kwa mtu wa suluhu kama Tunku mngetarajia aiheshimu. Hakunyamaza. Alimbana waziri wa makaburu, Eric Louw, juu ya ubaguzi wa rangi, na mambo ya ndani yakatoka nje. Machi ya mwaka uliofuata mkutano ulikaa tena, na siku hizo Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Kiongozi wa Tanganyika, aliandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika haitaweza kuingia Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini imo. Afrika Kusini ikaondoa ombi lake la kubaki mwanachama ikiwa jamhuri, na kujitoa. Tunapoisimulia habari ile tunamtaja Mwalimu, na ni haki yake. Tumtaje na Mmalay aliyeanza kuusukuma mlango ule mwaka mmoja kabla.

Kuundwa kwa Malaysia nitakupitia haraka. Mei 1961 Tunku alitoa wazo mjini Singapore, na tarehe 16 Septemba 1963 Malaya, Singapore, Sabah na Sarawak zikawa nchi moja, miezi saba kabla ya Muungano wetu wa Tanganyika na Zanzibar. Rais Sukarno wa Indonesia akaipinga Malaysia kwa silaha. Ndani, Lee Kuan Yew wa Singapore, wakili mwenzake na mkali kuliko yeye kwa hoja, alidai Malaysia ya Wamalaysia wote kwa usawa. Lilikuwa dai la Onn limerudi, na safari hii lilikuwa na bandari na wapiga kura nyuma yake. Katikati ya 1965 Tunku alilazwa London kwa mkanda wa jeshi. Wenye kuujua ugonjwa ule wanajua maumivu yake. Akiwa kitandani aliamua kwamba Singapore iondoke. Wachache wakayajadili kwa siri, hati zikaandikwa, na tarehe 9 Agosti 1965 bunge likapitisha kwa kura 126 bila ya hata moja ya kupinga. Lee alilia mbele ya kamera za televisheni. Talaka ile haikumwaga damu, na ukiangalia miungano mingine ilivyovunjika duniani, hilo ni jambo la kumpa sifa. Ila wananchi wa pande zote mbili walisikia redioni mambo yakiwa yameshakwisha.

Nisimfanye mtakatifu. Hali ya hatari ilifutwa tarehe 31 Julai 1960, na kesho yake ikaanza kutumika Sheria ya Usalama wa Ndani, iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini miaka miwili bila kufikishwa mahakamani, na amri iliweza kurudiwa tena na tena, mpaka ilipofutwa mwaka 2012. Sisi tulitunga ya kwetu mwaka 1962, kwa hiyo tusimnyooshee kidole kirefu. Serikali yake ilisema sheria ni kwa ajili ya wakomunisti. Wanafunzi mnajua sheria za namna hiyo hazisomi nia ya aliyezitunga.

Kisha ikaja 1969. Uchaguzi wa tarehe 10 Mei, Muungano wa Tunku ulipoteza wingi wake wa theluthi mbili bungeni. Vyama vya upinzani vyenye Wachina wengi vilishangilia mitaani Kuala Lumpur, Wamalay wakapanga maandamano yao, na jioni ya tarehe 13 Mei watu wakaanza kuuana. Hesabu ya serikali ni vifo 196. Mapatano ya 1957 yalikuwa ya matajiri wa Kichina na watawala wa Kimalay. Mkulima wa mpunga Kedah hakuona alichopata, na kijana wa Kichina wa mjini alijiona raia wa daraja la pili. Hawa wawili hawakuwa kwenye meli. Bunge likasimamishwa, madaraka yakahamia kwa baraza lililoongozwa na Razak. Mbunge mmoja aliyekuwa ameshindwa kwenye uchaguzi, daktari anayeitwa Mahathir Mohamad, akamwandikia Tunku barua kali akimwambia Wamalay wamemchoka. Alifukuzwa chamani, lakini barua ilikuwa imeshasambaa. Septemba 1970 Tunku alikabidhi uwaziri mkuu kwa Razak, siku moja baada ya mpwa wake, Sultani wa Kedah, kuanza zamu ya ufalme wa nchi. Hakutaka kuwa waziri wa mtoto wa ndugu yake, na nadhani pia ilikuwa njia ya heshima ya kutokea.

Mwaka huo huo akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, akaijenga ofisi ya Jeddah hadi 1973. Ndiyo, OIC ile ile ambayo kuingia kwa Zanzibar kuliutikisa Muungano wetu mwaka 1993, mpaka Zanzibar ikajitoa Agosti ya mwaka ule. Na kwa wapenzi wa mpira, alikuwa rais wa shirikisho la soka la bara la Asia kwa karibu miaka 20. Wakati mwingine alionekana kuufurahia wadhifa huo kuliko uwaziri mkuu.

Uzeeni alihamia Penang na kuandika safu kila wiki katika gazeti la The Star. Aliandika kama anavyoongea, akikosoa serikali bila kutukana. Daktari aliyefukuzwa alikuwa sasa ndiye Waziri Mkuu. Oktoba 1987 watu zaidi ya mia moja walikamatwa kwa Sheria ya Usalama wa Ndani, sheria ya 1960, na leseni ya The Star ikafutwa. Gazeti liliporuhusiwa tena miezi kadhaa baadaye, safu ya Tunku haikuwemo.

Februari 1988 mahakama ikatamka kwamba UMNO yenyewe ni chama haramu, kwa sababu baadhi ya matawi yake hayakuwa yameandikishwa. Mzee wa miaka 85, pamoja na waziri mkuu mwingine mstaafu, Hussein Onn, mtoto wa yule Dato Onn aliyeondoka mwaka 1951, wakaomba kuandikisha chama kipya kwa jina la UMNO Malaysia. Wakakataliwa, na jina likachukuliwa na Mahathir. Mwaka ule ule Rais wa mahakama, Salleh Abas, akaondolewa kazini, na Tunku akapinga hadharani. Katika uchaguzi wa Oktoba 1990 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu akiwapigia kampeni wapinzani wa chama alichokiongoza miaka 20. Walishindwa. Alifariki tarehe 6 Desemba 1990, akazikwa Langgar, nje kidogo ya Alor Setar, kwenye makaburi ya masultani.

Mwenyekiti, naona unaiangalia saa. Habari ya Sabah na Sarawak, na masharti waliyoyaweka kabla ya kuingia Malaysia, nimeiruka kwa makusudi, kwa sababu najua kuna watu humu wenye maswali kuhusu miungano na wanaona haya kuuliza. Kipaza sauti kianzie nyuma.